Ngazi za Mtoni za Brezovgrad

Jibu la nne kutoka Italia lilifika Jumanne asubuhi, nalo halikutofautiana na yale matatu ya kwanza. Mtunza ngome wa huko aliandika kwa adabu kwamba ameitazama picha, amewaonyesha na wenzake, na lango hilo si lao. Asmahan Idarous aliichapisha barua ile, akaitia kwenye jalada, kisha akaichukua picha yenyewe na kuiweka chini ya taa.

Hakuwa polisi. Alizaliwa Malindi, Unguja, akaja Uingereza kuolewa, na kwa miaka kumi na moja alichunguza madai ya uongo katika kampuni ya bima. Alipoachana na bima alibaki na ujuzi uleule akautumia kwa kazi nyingine: kuwatafutia watu wa Birmingham jamaa zao waliopotea njiani kuja Ulaya. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa.

Jalada lililokuwa mbele yake lilikuwa la Dalmar Hillow, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi. Mama yake, Bi Deka, na dada yake, Fadumo, walikuwa wamekwishapata vibali na wanaishi Kingstanding. Dalmar alinyimwa kibali kwa kuwa alishapita umri wa kuhesabiwa mtoto, akaamua kuja kwa miguu. Alifika Uturuki, akafika Bosnia, na mwanzoni mwa Novemba 2022 simu yake ikanyamaza. Tarehe ishirini na moja mwezi huo Fadumo alitumiwa picha hii na Ahmednoor, kijana aliyekuwa safarini na Dalmar. Chini yake palikuwa na maneno machache: tuko Italia, Dalmar ametangulia, msiwe na wasiwasi.

Tangu siku hiyo, miaka miwili na miezi mitatu, familia ilimtafuta Dalmar Italia. Waliandika kwenye hospitali, magereza na kambi. Ahmednoor alifika Birmingham kwa mkewe, akahojiwa mara tatu, na mara zote tatu alisema yaleyale.

Asmahan naye alikuwa ameanzia Italia. Sasa aliona kosa lake. Alikuwa ameamini maneno yaliyokuja na picha, hakuuliza mawe yaliyomo ndani yake.

Akaanza upya. Dalmar amesimama kwenye daraja la mawe, amevaa koti jekundu, anacheka. Nyuma yake kuna lango la tao, na juu ya lango nembo ya ukoo iliyochongwa, pamoja na mstari wa alama ambazo wale Waitaliano waliziita mapambo. Kushoto kuna mnara mnene usio na paa, umefungwa mikanda mitatu ya chuma kama pipa. Matundu ya kufyatulia bunduki yalikuwa na umbo la tundu la ufunguo. Alihesabu pembe za mnara kwa ncha ya kalamu. Ukihesabu pande zilizoonekana na kukadiria zisizoonekana, haukuwa na pande nne, wala sita, wala nane. Ulikuwa na pande saba.

Saa sita mchana alikuwa maktaba kuu ya mji. Alipekua vitabu vya ngome za Italia mpaka macho yakamuuma, asione mnara wa pande saba hata mmoja. Mkutubi aliyekuwa akimwangalia kwa muda alimwuliza anatafuta nini hasa, akasikiliza, akashuka ghalani na kurudi na ripoti iliyojalidiwa kwa kitambaa cha kijani. Ilihusu ngome za Kroatia zilizoharibiwa na vita vya miaka ya tisini. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na mchoro wa penseli wa lango, daraja na mnara wa pande saba. Mahali palikuwa Brezovgrad. Mchoraji alikuwa mhandisi aliyeitwa Baldev, na anwani yake ya kazi ilikuwa hapahapa Birmingham.

*

Mzee Baldev aliishi Acocks Green, mwendo wa dakika tano kutoka stesheni. Alikuwa Singasinga wa miaka sabini na tisa, kilemba chake kimefungwa sawasawa, na vyumba vyake viwili vya chini vilijaa makabati ya michoro. Aliitazama picha kwa kioo cha kukuzia, halafu akatikisa kichwa. Haiwezi kuwa Brezovgrad, alisema. Mnara wa Brezovgrad una paa refu la vigae vya mbao, lenye ncha kama kofia. Yeye mwenyewe alipanda kulipima.

Asmahan hakuondoka. Alimwomba asahau paa, atazame sehemu moja baada ya nyingine.

Mzee akaanza na nembo, akasita. Akahamia kwenye ule mstari wa mapambo, akausogelea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Hayakuwa mapambo, alisema. Zilikuwa herufi za kale za Wakroati, ambazo makasisi wao walizitumia kabla ya hizi za leo kushika. Italia hazipatikani juu ya lango. Kisha akaiona ile mikanda ya chuma, akaketi.

"Tetemeko," alisema. "Desemba ya 2020. Mnara ulipasuka kutoka juu hadi chini. Mimi nilikwenda kusaidia kiangazi kilichofuata. Paa walikuwa wameshaliteremsha lisije likaangukia watu, na hii mikanda niliichora mimi."

"Paa lilirudishwa lini?"

"Kiangazi cha 2023. Walinitumia picha."

Kwa hiyo picha ya Dalmar ilipigwa kati ya nyakati hizo mbili, na ilipigwa Kroatia. Asmahan aliandika yote mawili, akaweka tarehe na saa, akamwomba mzee atie sahihi. Alitia bila kuuliza ni ya nini. Ndipo Asmahan alipomweleza kwamba kijana wa kwenye picha hajaonekana tena.

Mzee Baldev akafungua kabati. Ilionekana anajua njia moja tu ya kusaidia, nayo ilikuwa kueleza jengo. Brezovgrad ni mji mdogo, alisema, watu elfu mbili hivi, ngome yao imekaa juu ya mwamba mahali mto unapopinda, na ng'ambo ya mto ni Slovenia. Mabwana wa kwanza waliijenga karne ya kumi na tatu, ukuta wa pembe tatu kufuata umbo la mwamba. Zama za vita na Waturuki, wajukuu zao waliongeza mnara wa pande saba ili risasi za mizinga ziteleze pembeni, na kuta wakazinenepesha kufikia mita nne. Baadaye vita vilipohamia mbali, bibi mmoja wa ukoo huo alichoka kuishi gizani, akajenga ndani jumba lenye baraza ya matao na madirisha makubwa. Likaja kuwa ghala la nafaka, likawa skuli, likapigwa kombora, likatikiswa na ardhi. Watu wa mji hawajawahi kuacha kulitengeneza.

Asmahan alimwuliza, mtu akitaka kujificha humo, angejificha wapi.

Mzee akakunjua mchoro wa chini ya ardhi. Kulikuwa na maghala matatu ya mviringo, dari nzito, hewa ya kutosha. Mlango wa nje ulivunjika kwenye tetemeko na wakati huo ulizibwa kwa mbao tu. Wapita njia walilala humo, kila mtu mjini alijua, na baadhi walikuwa wakiwaachia mikate.

"Na wakifukuzwa, kuna njia nyingine ya kutokea?"

Kidole chake kilifuata mstari mwembamba ulioteremka kutoka ghala la tatu. Mwaka 1578, alisema, ngome ilizingirwa wiki sita, na wengi waliokuwa ndani walikufa kwa kiu huku wakisikia mto chini yao. Walionusurika walichimba ngazi ndani ya mwamba, za kuwafikisha majini bila adui kuwaona. Ziko sitini na nane. Zinapinda mara mbili, hazina dirisha, na mlango wa chini unafungukia kwenye kina cha mto.

Alikuwa anaendelea, kisha akairudia ile picha. Kwenye pembe ya chini, chini ya daraja, maji ya kahawia yalionekana kidogo. Alipima kwa macho, akalinganisha na mchoro wake wa daraja.

"Mto umejaa hapa," alisema. "Ukijaa namna hii, ngazi za chini zinakuwa ndani ya maji. Kama ishirini na tano hivi. Anayeteremka bila taa nzuri haoni maji yanaanzia wapi. Ni meusi kama jiwe lenyewe."

Asmahan aliomba nakala tatu: ya mnara, ya jumba, na ya ngazi.

*

Ahmednoor alikaa Ladywood, ghorofa ya tisa, na alifanya kazi ya alfajiri kwenye bohari ya vifurushi, hivyo alasiri alikuwa nyumbani. Mkewe, Mulki, alimkaribisha Asmahan kwa chai ya hiliki, akaaga anakwenda kumchukua mtoto skuli. Ahmednoor alikuwa na miaka ishirini na nane. Aliketi ukingoni mwa kochi, mikono katikati ya magoti.

Asmahan alimwambia kwamba halazimiki kusema chochote, na kwamba atakachosema kitaandikwa. Akamwonyesha picha.

"Hii ilipigwa wapi?"

"Nilishawaambia. Italia."

"Italia mji gani?"

"Karibu na Trieste. Jina sikumbuki, dada. Tulikuwa tunatembea tu, hakuna mtu alikuwa anasoma vibao."

Hakumbishia. Alimwuliza walikuwa wangapi, akasema tisa. Alimwuliza Dalmar alitangulia na nani, akasema na Mwafghani mmoja. Huko nyuma, mara zote tatu, alikuwa amesema Mpakistani. Asmahan aliandika jibu hilo chini ya lile la zamani, akaipanga ile michoro mitatu mezani, mmoja mmoja, akamwambia aitazame bila haraka.

Ahmednoor aliutazama mnara. Akalitazama jumba la matao. Wa tatu aliushika kwa vidole viwili na kuugeuza, ukalala kifudifudi.

"Umegeuza mmoja tu," Asmahan alisema.

Nje kwenye ujia lifti ilifika, ikafunguka, ikashuka tena.

"Hizo ngazi ziko ngapi?" Ahmednoor aliuliza hatimaye.

"Sitini na nane."

"Mimi nilihesabu arobaini na mbili."

Asmahan alifanya hesabu kimya kimya. Zilizobaki ni ishirini na sita. Hakuwa amemtajia habari ya mto kujaa, wala hakuna aliyemtajia. Aliuacha ule mchoro ulivyolala, akamwacha aseme.

Alisema kwa sauti ndogo, bila kupumzika. Walikaa ghalani siku tatu wakisubiri mvua ikatike. Siku ya kwanza kulipotoka jua kidogo, Dalmar alitoka mpaka darajani akataka apigwe picha, kwa sababu alisema hajawahi kuona nyumba ya wafalme. Asubuhi ya siku ya nne, tarehe kumi na mbili, walisikia mbwa na sauti za watu juu. Mmoja wao alikuwa amegundua ngazi, akasema lazima zinatokea ng'ambo. Wakaingia. Dalmar alikuwa mbele kwa kuwa simu yake ndiyo iliyobaki na taa, na Ahmednoor nyuma yake, mkono begani kwake, anahesabu vidato ili asitishike. Kwenye arobaini na mbili mkono wake ukabaki hewani. Alisikia kitu kama mtu anayeketi kwenye beseni. Taa iliendelea kuwaka chini ya maji kwa muda mfupi, ikienda pembeni.

"Niliita," alisema. "Niliingiza mguu, maji yalikuwa yanavuta. Mimi sijui kuogelea. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua kuogelea."

Walipanda tena na kujisalimisha. Hawakupigwa. Mzee mmoja aliyevaa sare aliwapa chai. Ahmednoor alimwonyesha kwa mikono: mmoja, chini, majini. Yule mzee akadhani anaomba maji ya kunywa, akamletea. Alirudia kuonyesha, akaletewa kikombe cha pili. Mpaka walipopandishwa gari hakumpata mtu aliyemwelewa. Baada ya siku nne kambini alitoroka na wenzake, wakavuka mbali na pale, wakafika Italia.

"Kwa nini hukusema kwa familia?"

"Mama yake alinipigia siku ileile nilipopata chaji. Akauliza Dalmar yuko wapi. Nikasema ametangulia. Hilo neno halikuwa uongo, alikuwa ametangulia. Halafu akauliza, mmeshafika Italia? Nikasema eeh. Akaanza kulia kwa furaha. Baada ya hapo ningesema nini?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Kila Idd ananipigia. Ananiombea dua kwa kuwa nilikuwa rafiki mzuri."

Asmahan aliandika maelezo kurasa tatu, akamsomea, naye akasahihisha tarehe moja. Ahmednoor alitia sahihi kila ukurasa. Alipomaliza aliuliza atashtakiwa wapi. Asmahan alimwambia kwamba, kwa kadiri anavyojua, hakuna mahali. Ilionekana jibu hilo halikumpa nafuu hata kidogo.

*

Siku iliyofuata, sebuleni kwa mzee Baldev, walipiga simu Brezovgrad. Aliyepokea alikuwa Ljubica, mama aliyetunza makumbusho ya ngome, na mzee alimfahamu. Alizungumza naye Kikroati cha kukwama kwama huku Asmahan akimpa maswali kwenye karatasi.

Ljubica hakuhitaji kutafuta kumbukumbu. Majira yale ya baridi mto ulitoa watu wawili, alisema. Wa kwanza alinaswa kwenye kizuizi cha maji cha kinu cha zamani, kilomita nne chini ya ngome, tarehe kumi na tisa Novemba. Wa pili alionekana Januari, palepale. Wote wawili walikuwa vijana, weusi, bila karatasi. Maji yalikuwa yamewavua mavazi ya juu, kwa hiyo swali la koti jekundu halikuwa na jibu. Walizikwa kwenye makaburi ya mji, safu ya mwisho, kila mmoja na msalaba wa mbao ulioandikwa herufi mbili, N.N., yaani jina halijulikani. Siku ya kuwakumbuka wafu yeye na dada yake huwapelekea mshumaa.

Asmahan aliandika swali, mzee akalitafsiri: je, inawezekana kuiondoa misalaba hiyo? Huenda wote wawili ni Waislamu.

Ljubica alisema hakuna aliyewaza hilo, na anaomba radhi. Lakini kaburi la mtu asiyejulikana liko chini ya mamlaka ya mahakama ya wilaya, na hakuna ruhusa ya kugusa kitu chochote juu yake mpaka jina lipatikane. Na jina litapatikana kwa njia moja. Sampuli za vinasaba za wote wawili zilihifadhiwa. Ikija sampuli ya mama mzazi, zitalinganishwa. Itachukua miezi minane, pengine mwaka.

Asmahan aliuliza kama tarehe ya Novemba haitoshi kuonyesha kwamba ni yule wa kwanza. Mzee Baldev alitafsiri, akasikiliza, akashusha simu kidogo.

"Anasema mto huu unaweza kumshika mtu wiki moja, na unaweza kumshika miezi miwili. Hawezi kukuambia ni yupi. Anasema hata kama si yeyote kati yao, inawezekana pia."

Alipokata simu mzee alibaki ameutazama mchoro wake wa ngazi. Kiangazi kile cha 2021, alisema, aliandika kwenye ripoti kwamba mlango wa ghala la tatu uzibwe kwa chuma. Mji haukuwa na uwezo wa kufanya mambo yote kwa pamoja, wakaanza na mnara. Asmahan alikunja karatasi ya maswali. Alimshukuru, akaenda kusubiri treni.

*

Fomu ya mahakama ilifika baada ya wiki mbili, kurasa mbili za Kikroati na Kiingereza, pamoja na maelekezo ya vijiti viwili vya pamba na bahasha ya kufunga. Asmahan alikuwa ameshamweleza Fadumo kila kitu ndani ya gari, nje ya nyumba yao Kingstanding. Fadumo alikuwa dereva wa basi dogo la watoto wenye ulemavu, na alisikiliza akiwa bado amevaa koti lake la kazi, mikono kwenye usukani wa gari lisilowaka. Hakulia. Aliuliza maji ya huko Novemba yanakuwa baridi kiasi gani. Halafu aliomba jambo moja: mama asiambiwe mpaka jibu lije.

Sasa, alasiri ya Alhamisi, aliliomba tena wakiwa kwenye ujia, mlango wa sebule umefungwa.

"Tumwambie ni makaratasi ya Italia. Atatoa tu hiyo sampuli, dada. Mwaka mzima akijua, hatamaliza. Na kama si yeye?"

"Siwezi," Asmahan alisema. "Fomu inataka asomewe lugha anayoielewa. Na shahidi ni mimi."

"Basi soma haraka."

Bi Deka alikuwa ameketi karibu na hita, mwanamke mkubwa wa mifupa, ushungi wa kijivu mpaka kiunoni. Alizaliwa upande wa Wajir, akauza maziwa ya ngamia Eastleigh miaka ishirini, na Kiswahili chake kilikuwa cha soko. Alimwita Asmahan mwanangu, akaamuru aletewe chai kwanza. Alitaka kujua kama Waitaliano hatimaye wamejibu. Asmahan alisema barua imekuja, na anataka kumsomea.

Alisoma polepole, akitafsiri kila mstari. Jina la mtoa sampuli. Uhusiano wake na anayetafutwa. Akafika kwenye mstari wa tatu. Fadumo, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinamisha kichwa.

"Ninakubali vinasaba vyangu vilinganishwe," Asmahan alisoma, "na mabaki ya mtu asiyejulikana."

Bi Deka aliinua kidole. "Ngoja hapo. Mabaki?"

"Ndiyo, mama."

"Mabaki si ya chakula? Ile inabaki kwa sahani?"

Asmahan alitafuta neno jingine. Alijua visawe vitatu vya neno lile, na kila kimoja kilikuwa kibaya kuliko kingine. Alimtazama Fadumo. Lugha ya kumweleza mama huyu ilikuwa Kisomali, na Asmahan hakukijua.

Fadumo alikuja, akapiga magoti mbele ya mama yake, akaishika mikono yake miwili. Alizungumza kwa muda, sauti yake haikupanda wala kushuka. Asmahan alitega sikio alivyozoea. Alilisikia jina la Dalmar mara moja. Alisikia neno hooyo, mama. Hakusikia Italia, lakini pia hakusikia Kroatia. Alimtazama Bi Deka usoni kutafuta chochote ambacho angeweza kukiandika. Uso ule ulimsikiliza binti yake mpaka mwisho, ukatikisika kidogo kukubali, kama mtu anayeelekezwa njia.

Kisha Bi Deka akauliza, kwa Kiswahili, "Hiyo inaumiza?"

"Haiumizi, mama."

Alisogea mbele, akafumba macho, akafungua kinywa chake. Asmahan alivaa glavu, akazungusha kijiti ndani ya shavu la kulia, akahesabu mpaka thelathini kama maelekezo yalivyotaka, akarudia kwa shavu la kushoto. Alifunga bahasha, akaandika tarehe na saa. Bi Deka alitia kidole gumba mahali alipoonyeshwa, akajifuta wino kwa karatasi, akarudi kuegemea kiti. Akawa anatazama dirishani.

Mstari wa mwisho wa fomu ulikuwa wa Asmahan. Ulisema: nashuhudia kwamba mtoa sampuli ameelezwa na ameelewa.

"Umemwambia nini?" alimwuliza Fadumo, chinichini.

Fadumo hakuinuka. Alikuwa bado amepiga magoti, mikono ya mama yake ndani ya mikono yake, naye hakugeuza kichwa.

Asmahan alisubiri kwa muda ambao aliona ni haki kusubiri. Halafu akaikamata kalamu, akatia sahihi.